Utabiri wa Protini Katika Upasuaji wa Saratani Iliyosambaa

Saratani huitwa iliyosambaa pale seli zake zinapokihama kiungo zilikoanzia, zikasafiri kwa njia ya damu au ya mishipa ya limfu, kisha zikaota upya katika kiungo kingine kilicho mbali. Kwa miaka mingi hali hiyo ilihesabiwa kuwa ndipo kazi ya mpasuaji inapokoma, kwa hoja kwamba ugonjwa uliokwisha kufika mahali pawili bila shaka umefika na kwingine kusikoonekana, na kisu hakiwezi kuondoa kisichoonekana. Hoja hiyo ingali na nguvu kwa wagonjwa walio wengi. Hata hivyo ipo saratani moja iliyowalazimu wataalamu kuilegeza, nayo ni saratani ya utumbo mpana iliyofika kwenye ini, na ndiyo itakayokuwa mfano wa mazungumzo haya, kwanza kwa sababu imechunguzwa kwa muda mrefu kuliko nyingine za namna hiyo, na pili kwa sababu saratani ya utumbo mpana, ambayo zamani ilisemwa kuwa ugonjwa wa Wazungu, inaongezeka Afrika Mashariki, kama linavyoonyesha daftari la saratani la Kampala, lililoanza kuandikwa katika miaka ya 1950.

Ini lina mambo mawili yanayolitofautisha na viungo vingine. La kwanza ni kwamba damu inayotoka kwenye utumbo hupita ndani yake kabla ya kurudi kwenye moyo, kwa hiyo seli za saratani zilizochukuliwa na damu hiyo hunaswa hapo kabla ya kufika penginepo, na kwa baadhi ya wagonjwa, ingawa si wengi, huishia hapo. La pili ni kwamba ini likikatwa huota tena: mtu mwenye ini zima anaweza kuondolewa zaidi ya nusu yake, na kipande kilichobaki kikakua katika muda wa wiki chache hadi kutosheleza kazi yote. Kutokana na mambo hayo mawili wapasuaji wa Marekani, Ulaya na Japani walianza kuviondoa vivimbe vya ini vilivyotokana na utumbo, na takwimu zilizokusanywa Marekani katika miaka ya 1980 kwa wagonjwa 859 zilionyesha kwamba takriban 33% waliishi miaka 5 baada ya upasuaji. Kwa ugonjwa uliokuwa ukiua karibu kila mtu ndani ya muda huo, hayo yalikuwa matokeo makubwa. Ila hesabu hiyo ina upande wa pili, kwa kuwa thuluthi mbili ya watu hao walipasuliwa, wakavumilia maumivu na hatari ya kupoteza damu, na bado hawakufika mwaka wa 5. Swali lililozuka tangu hapo, na ambalo halijaacha kuulizwa, ni kama kuna njia ya kuwajua mapema watakaofaidika na wasiofaidika, na mahali pa kwanza pa kutafuta jibu palikuwa kwenye protini.

Kiashiria cha protini ni protini inayoweza kupimwa katika damu, mkojo au kinyama kilichochukuliwa kwenye uvimbe, na ambayo kiasi chake au sura yake hueleza jambo fulani kuhusu ugonjwa. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani: mwaka 1847 daktari Henry Bence Jones wa London alieleza protini ya ajabu iliyokuwa katika mkojo wa mgonjwa wa saratani inayoanzia ndani ya uboho, na protini hiyo ingali ikipimwa hadi leo. Viashiria hugawanyika katika makundi mawili ambayo mara nyingi huchanganywa, hata katika makala za kitaalamu. Kundi la kwanza ni la viashiria vya mwelekeo, vinavyosema ugonjwa utakwenda vizuri au vibaya kwa jumla, tiba iwe hii au ile. Kundi la pili ni la viashiria vya tiba, vinavyosema kwamba tiba fulani itamfaa mgonjwa huyu na haitamfaa yule. Mgonjwa anayeambiwa kwamba protini yake iko juu anastahili kujua kiashiria chake ni cha kundi lipi, kwa sababu cha kwanza humpa habari tu, ilhali cha pili kinampa daktari njia ya kufuata.

Protini iliyotumika zaidi ya nyingine zote katika saratani ya utumbo mpana huitwa CEA, herufi zinazosimamia antijeni ya saratani na ya kiinitete. Iligunduliwa mwaka 1965 na Phil Gold na Samuel Freedman katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, kwa njia iliyokuwa na akili ya kipekee. Walichukua nyama ya saratani na nyama nzima ya utumbo kutoka kwa mtu yule yule, ili tofauti yoyote itakayoonekana isiweze kusingiziwa tofauti ya mtu na mtu, kisha wakazitumia kuamsha kinga za wanyama wa maabara na kutafuta kingamwili iliyoishika nyama ya saratani peke yake. Walichokipata kilikuwa protini yenye sukari nyingi, iliyokuwamo pia katika utumbo wa kijusi lakini ikionekana haimo katika utumbo wa mtu mzima. Baadaye ilithibitika kwamba hata mtu mzima asiye na ugonjwa wowote huwa nayo kidogo. Kipimo cha damu kilipotengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1960, ripoti za kwanza zilidai kwamba karibu kila mgonjwa wa saratani ya utumbo alikuwa nayo katika damu, na ikadhaniwa kwamba njia ya kuukamata ugonjwa mapema imepatikana. Matumaini hayo hayakudumu, kwa kuwa walioufanyia kazi uchunguzi huo katika hospitali nyingine waligundua kwamba wagonjwa wengi wa hatua za mwanzo wana CEA ya kawaida, na kwamba watu wengi wasio na saratani wana CEA iliyopanda.

Sababu za upandaji huo zinafaa kutajwa kwa kirefu kidogo, kwa kuwa huleta hofu isiyo ya lazima katika familia nyingi. Wavutaji wa sigara huwa na CEA ya juu kuliko wasiovuta, bila ya kuwa na uvimbe wowote. Ini lenye makovu, kongosho lililovimba na vidonda vya muda mrefu vya utumbo navyo huipandisha, na hasa ini, kwa sababu ndilo linaloiondoa CEA kutoka kwenye damu, kwa hiyo ini likidhoofika protini hiyo hujikusanya hata kama haizalishwi kwa wingi. Maabara nyingi huchukua nanogramu 5 katika mililita 1 ya damu kuwa ndio mpaka wa juu wa kawaida, lakini mashine mbalimbali hutoa majibu yanayotofautiana kwa damu ile ile, na mgonjwa anayepima leo katika maabara moja na mwezi ujao katika nyingine anaweza kudhani ugonjwa umerudi kumbe kilichobadilika ni mashine.

Pamoja na dosari hizo zote, CEA ilipata kazi yake halisi katika kutabiri mwelekeo baada ya upasuaji. Mwaka 1999 Yuman Fong na wenzake wa hospitali ya saratani ya Memorial Sloan-Kettering mjini New York walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,001 waliokatwa ini kwa sababu ya saratani iliyotoka kwenye utumbo mpana. Katika kundi hilo 37% waliishi miaka 5 na 22% waliishi miaka 10. Watafiti hao walitunga alama za hatari kwa kutumia mambo 5 yanayoweza kujulikana kabla ya upasuaji, kila moja likihesabiwa alama 1: kama uvimbe wa kwanza wa utumbo ulikuwa umefika kwenye tezi za limfu, kama ugonjwa wa ini ulionekana kabla ya kupita miezi 12, kama vivimbe vya ini vilizidi kimoja, kama kikubwa kuliko vyote kilizidi sentimita 5, na kama CEA ilizidi nanogramu 200 kwa mililita. Mgonjwa asiye na alama hata moja alikuwa na nafasi ya 60% ya kuishi miaka 5, na mwenye alama zote 5 alikuwa na nafasi ya 14%.

Hesabu hiyo ilienea duniani kwa sababu ni rahisi, na daktari anaweza kuifanya kando ya kitanda kwa vidole vya mkono mmoja. Hata hivyo anayelisoma jedwali lake kwa makini hukutana na jambo lisilosemwa sana: wenye alama 3 waliishi miaka 5 kwa 20%, na wenye alama 4, ambao walitarajiwa kuwa na hali mbaya zaidi, walifikia 25%. Haimaanishi kwamba kuongezewa hatari moja kunamnufaisha mgonjwa. Maana yake ni kwamba watu wanapogawanywa katika mafungu madogo, bahati huanza kucheza na takwimu, na asilimia iliyoandikwa kwa uhakika katika jedwali huwa na pengo pana la shaka nyuma yake. Aidha, mpaka wa nanogramu 200 haukuwekwa na maumbile, kwa kuwa mwili haujui tofauti yoyote kati ya 199 na 201, na wengine waliotunga hesabu zao baadaye wamechagua mipaka ya chini zaidi, ikiwamo 20 na 80.

Zaidi ya hayo, hospitali hiyo hiyo ya New York ilichapisha mwaka 2007 matokeo ya wagonjwa 612 waliokuwa wamefuatiliwa kwa muda wa kutosha kujua nani kweli alifika miaka 10, si kwa makadirio bali kwa kuhesabu watu. Waliofika walikuwa 102. Miongoni mwao walikuwamo waliokuwa na dalili ambazo kwa hesabu za alama ziliwaweka katika fungu la wasio na matumaini, na baada ya mwaka wa 10 kifo kilichosababishwa na saratani hiyo kilikuwa kimoja tu. Kwa hiyo kiashiria kinaweza kuwa sahihi kabisa juu ya umati na kikakosea juu ya mtu, na daktari anayemnyima mgonjwa upasuaji kwa sababu ya CEA peke yake anaipa namba uzito ambao walioitunga hawakuupa.

Ni vigumu kupata mafundisho bora juu ya tofauti kati ya kutabiri na kusaidia kuliko yale ya jaribio moja la Uingereza ambalo lilisahauliwa kwa miongo miwili. Lilianza mwaka 1982, wakati ilipokuwa ikiaminiwa kwamba CEA ikipanda baada ya utumbo kukatwa, mpasuaji afungue tumbo haraka kutafuta ugonjwa uliorudi na kuuondoa ungali mdogo. Wagonjwa 1,447 waliandikishwa na kupimwa damu mara kwa mara, na 216 kati yao, ambao CEA yao ilipanda, waligawanywa kwa kura katika makundi mawili sawa ya watu 108. Katika kundi la kwanza madaktari waliarifiwa kwamba CEA imepanda ili waweze kupasua mapema, na katika kundi la pili hawakuarifiwa, wakaendelea na huduma ya kawaida. Jaribio lilisimamishwa mwaka 1993 kwa kuwa hapakuwa na dalili ya faida: katika kundi lililopasuliwa mapema walikuwa wamekufa 91, na katika kundi la pili 88. Matokeo kamili hayakuchapishwa hadi mwaka 2014, na katika muda wote huo hospitali duniani ziliendelea kupima CEA na kupasua kwa imani ambayo ushahidi wa kuipinga ulikuwa umelala kabatini. Kuacha kuchapisha jaribio ambalo wagonjwa walilitolea miili yao ni kosa dhidi ya wagonjwa hao, na dhidi ya wale waliowafuata.

Inafaa kusemwa kwa haki kwamba picha za CT za miaka ya 1980 hazikuwa na uwezo wa zile za leo, na dawa za tibakemikali zilikuwa chache na dhaifu, kwa hiyo mtu anaweza kudai kwamba CEA ilitoa taarifa ya kweli kwa madaktari ambao hawakuwa na silaha ya kuitumia. Lakini jaribio jingine la Uingereza, lililochapishwa pia mwaka 2014 na lililohusisha wagonjwa 1,202 waliokwisha kuondolewa saratani ya utumbo, lilifika karibu na pale pale kwa vifaa vya kisasa. Waliofuatiliwa kwa CEA au kwa CT walipata mara nyingi zaidi nafasi ya kufanyiwa upasuaji mwingine wa kutafuta kupona, kati ya 6% na 8% wakilinganishwa na takriban 2% ya wasiofuatiliwa hivyo, ila idadi ya vifo katika makundi haikutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa. Na kwa upande wa mapafu, ambayo ni kituo cha pili cha saratani hiyo, jaribio la kura lililowagawanya wagonjwa 93 liliona kwamba waliopasuliwa mapafu waliishi kwa muda wa kati wa miaka 3.5 na wasiopasuliwa miaka 3.8. Jaribio hilo lilikuwa dogo mno kutoa hukumu ya mwisho, lakini lilionyesha jambo linalohusu viashiria moja kwa moja: wagonjwa wanaochaguliwa kwa ajili ya upasuaji, yaani wenye vivimbe vichache na CEA ya chini, ndio hao hao ambao wangeishi muda mrefu hata bila ya upasuaji, na sehemu ya sifa inayopewa kisu inawezekana kuwa ni sifa ya uchaguzi.

Ukiacha damu, ipo hazina nyingine kubwa ya protini ndani ya uvimbe wenyewe. Kipande chembamba cha nyama ya uvimbe hupakwa kingamwili zenye rangi, na mtaalamu wa patholojia huangalia kwa hadubini ni seli ngapi zimeshika rangi na kwa ukali gani. Kwa njia hiyo zimechunguzwa protini nyingi, kama Ki-67, inayoonekana katika seli zinazojigawa, na p53, inayolinda seli zisigeuke na ambayo huharibika katika saratani nyingi. Karibu kila mwaka hutoka makala mpya zinazosema kwamba protini fulani inatabiri uhai baada ya ini kukatwa, na karibu zote hazionekani tena katika wodi. Sababu si fumbo. Nyingi zilitokana na wagonjwa wachache wa hospitali moja, mpaka kati ya juu na chini ukachaguliwa baada ya matokeo kujulikana, na zilizokosa matokeo ya kuvutia hazikupelekwa kwenye majarida. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 2005 wataalamu wa Marekani na Ulaya walitoa mwongozo uitwao REMARK, unaoeleza mambo ambayo kila utafiti wa viashiria vya saratani lazima uyaweke wazi, ikiwamo namna wagonjwa walivyopatikana na namna mpaka ulivyochaguliwa.

Onyo kali zaidi lilitoka kwenye saratani nyingine, ile ya ovari. Mwaka 2002 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliotumia mashine ya kupima uzito wa protini nyingi kwa pamoja, ukidai kuwatambua wagonjwa wote 50 wa saratani hiyo katika kundi la majaribio. Wanatakwimu wa Texas walipozipitia data hizo walionyesha kwamba tofauti iliyoonekana ingeweza kutokana na namna sampuli zilivyoshughulikiwa na mashine ilivyorekebishwa, na kipimo kilichokuwa kimeandaliwa kwa ajili ya soko hakikufika mbali. Damu iliyokaa mezani saa mbili na damu iliyogandishwa mara moja hazina protini zile zile, na mashine yenye uwezo mkubwa wa kuona huiona tofauti hiyo pia.

Hayo yote yasimfanye msikilizaji adhani kwamba protini za uvimbe hazina kazi. Zipo nne, zinazoitwa MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2, ambazo kazi yake ni kusahihisha makosa yanayotokea seli inaponakili DNA yake, na katika takriban 5% ya saratani za utumbo mpana zilizosambaa mojawapo au zaidi huwa haipo. Uvimbe wa namna hiyo hujaa makosa, na makosa hayo huufanya uonekane mgeni machoni pa kinga ya mwili. Mwaka 2020 jaribio lililohusisha wagonjwa 307 lilionyesha kwamba dawa ya pembrolizumab, inayoifungua breki ya kinga, iliuzuia ugonjwa kuendelea kwa muda wa kati wa miezi 16.5, ilhali tibakemikali iliuzuia kwa miezi 8.2. Hiki ni kiashiria cha tiba kwa maana kamili: mgonjwa aliyekuwa akielekea chumba cha upasuaji anaweza kuelekezwa kwanza kwenye dripu, na wapo ambao vivimbe vyao hutoweka. Kupakwa rangi kwa protini hizo nne hakuhitaji mashine za ajabu, na hospitali yenye patholojia nzuri inaweza kuifanya kazi hiyo.

Kwa hospitali za Afrika Mashariki, hata hivyo, protini mbili za kawaida kabisa ndizo zinazostahili kuangaliwa kabla ya zote, nazo ni albumini na protini iitwayo CRP, ambayo hupimwa kila siku. Zote mbili hutengenezwa na ini. Mwili ukiwa katika vita vya kinga, CRP hupanda, na albumini hushuka. Wapasuaji wa Glasgow, Uskochi, walizichanganya kuwa kipimo kimoja: CRP isiyozidi miligramu 10 kwa lita huhesabiwa 0, iliyozidi hapo huhesabiwa 1, na iliyozidi ikiandamana na albumini iliyo chini ya gramu 35 kwa lita huhesabiwa 2. Kipimo hicho kimetabiri uhai katika saratani za aina nyingi na katika nchi nyingi, na uzuri wake ni kwamba hakiutazami uvimbe bali humtazama mtu anayeubeba. Lakini hapa panahitajika tahadhari, kwa sababu mgonjwa wa Mwanza au wa Kisumu anaweza kuwa na CRP ya juu kwa sababu ya kifua kikuu au malaria, na albumini ya chini kwa sababu ya miezi ya kula uji peke yake kutokana na utumbo kuziba, na mambo hayo hutibika. Alama 2 iliyopatikana Glasgow inaweza kumaanisha kwamba saratani imeuzidi mwili. Alama hiyo hiyo katika hospitali ya mkoa inaweza kumaanisha kwamba mgonjwa atibiwe maambukizi na alishwe kwa wiki kadhaa kabla ya kupasuliwa.

Tahadhari ya pili inahusu kipimo kinachoitwa CA 19-9, kinachotumika sana katika saratani za kongosho na za njia ya nyongo, na wakati mwingine huongezwa kwenye CEA katika saratani ya utumbo. Kwa usahihi kinachopimwa si protini bali ni sukari iliyoshikamana na protini, na sukari hiyo ni ya ukoo mmoja na kundi la damu liitwalo Lewis. Mtu aliyezaliwa bila ya kimeng'enya cha kuitengeneza hawezi kuwa na CA 19-9 iliyopanda hata saratani ikienea tumbo zima. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya walio hivyo ni kati ya 5% na 10%, na miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika sehemu hiyo ni kubwa zaidi. Majibu ya kawaida ya CA 19-9 kwa mgonjwa wa Dar es Salaam, kwa hiyo, yana uwezo mdogo wa kumtuliza kuliko yale yale kwa mgonjwa wa Oslo.

Na Oslo yenyewe ndiko viashiria vilikopewa mamlaka makubwa kuliko kwingine kokote. Madaktari wa huko walianza kuwapandikiza ini la mtu mwingine wagonjwa ambao vivimbe vyao vilikuwa vingi mno kuweza kukatwa, na mwaka 2013 walichapisha matokeo ya wagonjwa 21, ambapo 60% walikadiriwa kuishi miaka 5. Ini la kupandikiza ni adimu, na linalopewa mgonjwa wa saratani halipewi mwingine, kwa hiyo walilazimika kuchagua. Walitumia mambo 4: uvimbe uliozidi sentimita 5.5, CEA iliyozidi mikrogramu 80 kwa lita, kupita kwa muda usiofika miaka 2 tangu utumbo ulipokatwa, na ugonjwa uliokuwa ukiendelea licha ya dawa. Mwaka 2024 jaribio la kura la nchi kadhaa za Ulaya, lenye wagonjwa 94 waliochujwa kwa ukali, lilionyesha 57% wakiishi miaka 5 baada ya kupandikizwa ini pamoja na tibakemikali, dhidi ya 13% kwa tibakemikali pekee. Katika mazingira hayo CEA imeacha kuwa habari na imekuwa mlango, na mtu mwenye 85 anaweza kukuta umefungwa. Hakuna udhalimu wa lazima katika hilo, mradi wanaoufunga wawe wamekiri hadharani kwamba wanagawa kitu kisichotosha, wala wasijifiche nyuma ya sayansi.

Afrika Mashariki haijafika kwenye mjadala wa kupandikiza ini kwa sababu ya saratani, wala hakuna haja ya kuufikia upesi. Wagonjwa walio wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umeenea, na wapasuaji wanaoweza kukata ini kwa usalama ni wachache, wengi wao wakiwa katika hospitali kubwa za miji mikuu. Kinachowezekana sasa ni kidogo zaidi na cha thamani zaidi. Kila mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana apimwe CEA na albumini kabla ya kisu, kwa sababu CEA ya baada ya upasuaji isiyo na ya kabla haina cha kulinganishwa nacho. Apimwe tena baada ya wiki kama sita, protini ya zamani ikiwa imekwisha kuondoka kwenye damu, na kama haijashuka ichukuliwe kwamba kuna saratani iliyobaki hadi ithibitike vinginevyo. Vipimo vyote vifanywe katika maabara moja. Hali ya uvutaji sigara na ya maambukizi iandikwe kwenye faili, na muhimu kuliko yote, iandikwe tarehe ya kifo au ya kuonwa mara ya mwisho, kwa kuwa bila ya tarehe hiyo hakuna kiashiria kinachoweza kupimwa ukweli wake kwa watu wa eneo hili, na hospitali zitaendelea kutumia mipaka iliyowekwa New York, Glasgow na Oslo.

Mgonjwa naye, au nduguye aliyemsindikiza, ana haki ya kumuuliza daktari swali moja kabla ya kutoa fedha ya kipimo: majibu yakiwa juu kitafanyika nini, na yakiwa chini kitafanyika nini. Ikiwa majibu ya maswali hayo mawili ni yale yale, fedha hiyo inunue chakula na nauli ya kurudi kliniki.